Kompresa ndani ya gari la kulala

SWALI: Fundi habari, nimegeuza basi dogo langu kuwa gari la kulala safarini, Desemba tunatoka Nairobi na watoto hadi jangwa la Chalbi, sasa nataka kompresa ya kujaza upepo kwa magurudumu ifungwe humohumo ndani, si ile ya kuchomeka kwa soketi ya kiberiti. Nianzie wapi?
Baba Watoto, Kasarani

JIBU: Salama Baba Watoto. Anza na umeme, maana hapo ndio magari huungua. Kompresa ya volti 12 yenye nguvu inaweza kula ampea 30 hivi, na soketi ya kiberiti mara nyingi ina fyuzi ya 10 au 15, so vuta waya mnene straight kutoka kwa betri, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, swichi yako iwashe rilei tu (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa) halafu rilei ndio iwashe mota. Ukijaza upepo acha injini ikinguruma.

Tangi la hewa ni akiba tu, haliongezei mota nguvu. Lakini lazima liwe na swichi ya presha ya kuzima mota, na valvu ya usalama ya kutoa hewa presha ikizidi, na hii fundi asikuambie eti si lazima, watoto wanalala hapo juu! Mtungi wa gesi wa zamani usitumie kabisa kama tangi. Koki ya kumwaga maji ikae chini ya tangi, kwa sababu hewa ikibanwa halafu ipoe hutoa maji na chuma kinashika kutu kwa ndani bila wewe kujua.

Kompresa yenyewe huchemka sana, isifungwe karibu na magodoro.