Meli ilizama kwa nini? Majibu kwa walimu na wanafunzi wa Historia

Barua za safari hii karibu zote zinahusu ajali za majini. Naanza na ya mwalimu wa Sengerema kwa sababu ndiyo iliyonikalia kichwani.

Nafundisha kidato cha pili. Nikiuliza kwa nini MV Bukoba ilizama, darasa zima linajibu "ilijaza watu." Nikisema haya endeleeni, kimya. Nifanyeje?

Mwalimu, hawajakosea. Meli hiyo, iliyosafiri Ziwa Victoria kati ya Bukoba na Mwanza, iliruhusiwa kubeba abiria 430, na siku ile ya Jumanne, 21 Mei 1996, orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Lakini jibu hilo linafunga mjadala kabla haujaanza. Waulize: je, ilijaza siku hiyo tu? Watume kwa wazee wa Kagera waliokuwa wakisafiri nayo. Wakirudi na habari kwamba ilikuwa ikijaza na inafika, watakuwa wamejionea wenyewe kwamba kujaza peke yake hakutoshi kueleza kilichotokea siku ile.

Hapo maswali yatakuja yenyewe. Shehena ilipangwa wapi, chini au juu? Meli yenyewe ilikuwa na uthabiti kiasi gani hata bila mzigo? Bukoba imetoka na watu, bandari ya Kemondo wakaongezeka. Nani alikuwa na mamlaka ya kusema haiondoki, na angesema, mshahara wake ungekuwa salama? Barabara ya kwenda Mwanza mwaka 1996 ilikuwaje? Na abiria aliyeona kabisa kwamba imejaa alipanda kwa nini? Hili la mwisho huamsha darasa, maana kila mtoto aliyemo amewahi kuning'inia kwenye daladala akijua fika hali yake.

Kisha wape kazi ambayo mimi naiona kuwa ndiyo somo lenyewe. Wagawe ubao mara mbili: upande mmoja sababu za meli kupinduka, upande mwingine sababu za watu kufa. Wanafunzi huziunganisha, na hata watu wazima hufanya hivyo. MV Bukoba ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilielea kichwa chini, na waliokwama ndani walisikika wakigonga. Waokoaji walitoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, ikaenda chini. Tukio hilo linaingia upande gani wa ubao? Waache wabishane. Usiwaruhusu tu kuwahukumu waokoaji kwa haraka. Waulize watu wale walijua nini saa ile, walikuwa na vifaa gani mkononi, na nani alitakiwa awe amewapa vingine miaka kumi kabla.

Mwanafunzi wangu mmoja anasema ni mapenzi ya Mungu, kuchunguza ni kukufuru. Nimjibu nini?

Usimjibu kuhusu Mungu, hilo lina walimu wake. Mwambie mwanahistoria anashughulika na yale ambayo binadamu walifanya au waliacha kufanya, na mtu anaweza kuwa muumini safi huku akiuliza nani aliuza tiketi za ziada. Ninayemwogopa mimi ni yule anayesema "ajali haina kinga" kisha anafunga daftari.

Mimi ni mzazi. Kwa nini watoto wetu wafundishwe Titanic, meli ya Wazungu, wakati tuna misiba yetu?

Wafundishwe yote, mzazi mwenzangu. Faida ya Titanic ni karatasi: Marekani na Uingereza kila moja ilifanya uchunguzi mwaka ule ule wa 1912, na maneno ya mashahidi yapo hadi leo, mtu anayasoma bure.

Na ile kazi ya ubao inakaa vizuri mno hapa. Meli ilikwenda kwa kasi ya noti zipatazo 22 usiku, yaani kama kilomita 40 kwa saa, ikiwa imeshapokea maonyo ya barafu. Ikagonga mwamba wa barafu, ikazama kwa muda usiofika saa tatu. Huo ni upande wa kwanza. Upande wa pili: watu wapatao 2,200, mashua za kuokolea 20, nafasi 1,178. Hata kama mashua zingetosha, Titanic ingezama vile vile, ila wengi kati ya watu wapatao 1,500 waliokufa pengine wangepona. Pengine tu, kwa sababu mashua moja ya watu 40 iliondoka na 12.

Kinachowashangaza wanafunzi ni kwamba kampuni haikuvunja sheria ya mashua. Kanuni ya Uingereza ilidai 16 kwa meli yoyote ya tani 10,000 na zaidi. Titanic ilikuwa na zaidi ya tani 46,000. Meli zilikua, kanuni ikabaki pale pale. Hilo utaliita kosa la nahodha?

Niko kidato cha nne. Kwenye mtihani natofautishaje sababu ya msingi na sababu ya papo kwa papo?

Chukua MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko hicho cha Ziwa Victoria kilitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kikapinduka hatua chache kabla ya gati, na watu 228 wakafa. Kilistahili kubeba 101. Ilielezwa kwamba abiria walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka: hiyo ni ya papo kwa papo. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, watu na mizigo wanarudi kisiwani: hiyo ipo nyuma kidogo. Wakazi wa kisiwa kutegemea kivuko kidogo iko nyuma zaidi, na haina tarehe: hiyo ndiyo ya msingi. Jipime hivi: ukiiondoa sababu hiyo, ajali ingehama tu siku nyingine, au isingetokea kabisa?

Najua mtihani unataka hoja sita. Ziandike sita, ila ziunganishe kwa "ndiyo maana" na "hata hivyo". Hoja sita zilizopangwa kama orodha ya vitu vya dukani zinaniudhi, ingawa alama utapata.

Nafundisha Pemba. Darasani nina watoto waliopoteza ndugu katika Spice Islander. Nifundishe au niache?

Fundisha, lakini usianzie hapo. Anza na Titanic, wajifunze kuuliza kwanza. Ukifika Septemba 2011, meli hiyo ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ingia kwa mlango wa takwimu: miili iliyopatikana ilikuwa 203, ilhali tume ya uchunguzi ilipohesabu pamoja na waliopotea ilifika 1,573. Waulize wanafunzi pengo hilo limetoka wapi wakati chombo kiliruhusiwa watu wasiofika 700. Watafika wenyewe kwenye orodha za abiria, na kwenye familia zilizokwenda kuandikisha majina ya watu wao.

Usimwite mtoto yeyote asimulie ya kwao. Akijitolea, msikilize, akitaka kutoka nje, atoke bila kuulizwa. Wazazi na mkuu wa shule wapate habari wiki moja kabla ya kipindi.