Maswali ya wasomaji: Kabureta ya koo mbili au nne?

Swali: Assalaam aleikum mafundi. Nina Ford Mustang ya 1966, injini V8 ya inchi za ujazo 289, na kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) yake ya asili ya koo mbili, yaani njia mbili za hewa, Autolite 2100. Inatoa moshi mweusi, na nikikanyaga mafuta ghafla inasita kwanza ndipo iondoke. Jamaa yangu aliyeko Marekani yuko tayari kuniletea ya koo nne, ya futi 750. Niipokee?
— Msomaji, Wete

Jibu: Wa aleikum salaam. Hiyo ya 750 usiipokee. Hizo ni futi za ujazo za hewa inayopita kwa dakika, na injini yako haivuti zaidi ya kama nusu yake. Piga hesabu: 289 mara mizunguko ya juu kwa dakika utakayoifikisha, tuseme 5500, gawa kwa 3456 (inchi za ujazo 1728 za futi moja, mara mbili, kwa kuwa silinda huvuta hewa mara moja kila mizunguko miwili), unapata 460. Injini ya barabarani haijazi silinda zake kamili, kwa hiyo chukua asilimia 85: ni kama 390 tu. Ford wenyewe, walipoifunga injini hii kabureta ya koo nne ili itoe nguvu farasi 225, waliweka ya futi 480. Koo likiwa pana mno, hewa hupita polepole na kushindwa kuvuta petroli, na kule kusita kutazidi, hasa kwenye vilima vya njia ya Chake. Ukitaka koo nne, agiza ya futi 500 na manifoldi yake pamoja (bomba linalogawa mchanganyiko kwenye silinda), maana manifoldi ya koo mbili haiipokei.

Lakini kwanza itengeneze uliyonayo. Ni kabureta nzuri sana, na maradhi yake yanatibika kwa seti ya gasketi na viwambo (vile vipande vyembamba vinavyonyumbuka). Unapoagiza, taja namba za kibati kilichoshikwa na skrubu ya kifuniko cha juu, na namba iliyochongwa ubavuni mwa bakuli la petroli, kwa mfano 1.08 au 1.14, huo ndio upana wa koo kwa inchi.

Moshi mweusi mara nyingi hutoka kwenye vali ya nguvu, ile inayoongeza petroli injini ikilemewa, iliyo chini ya kabureta. Kiwambo chake kikipasuka, petroli inavuja moja kwa moja hadi kwenye manifoldi. Mshukiwa wa pili ni boya la shaba, linaloelea bakulini na kufunga petroli bakuli likijaa. Litikise sikioni, ukisikia petroli ndani, limetoboka. Usiposikia kitu, lizamishe kwenye maji ya moto utazame vipovu.

Kusita ni kazi ya pampu ya akseleta, inayorusha petroli ya ziada unapokanyaga. Zima injini, ondoa chujio la hewa, fungua choki (kilango cha hewa kilicho juu ya koo), chungulia kooni huku ukivuta mkono wa akseleta. Michirizi miwili ya petroli iruke papo hapo, yenye nguvu sawa. Ikichelewa au ikiruka mmoja, kiwambo cha pampu kimekakamaa au tundu limeziba.

Fungulia juu ya kitambaa cheupe. Ukishatoa kile kipande chenye matundu ya pampu, usiipindue kabureta ovyo: chini yake mna gololi na kizito chake, na vikianguka sakafuni hutaviona tena. Vali ndogo ya mpira iliyo kwenye chumba cha pampu ukiitoa hairudi. Weka mpya, ivute kwa koleo ncha nyembamba mpaka ikae, kisha kata mkia wake unaobaki ndani ya bakuli. Mkia wa vali ya zamani nao utafute uutoe, usije ukaziba njia.

Huku kwetu utakuta unga mweupe chini ya bakuli. Hayo ni maji yaliyoingia na petroli, mara nyingi ya madumu, yakala madini. Sugua kwa mswaki na dawa ya kabureta, kisha puliza kila tundu kwa kompresa. Jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, usizichokoe kwa waya: mkwaruzo mdogo tu unabadilisha kipimo. Kimo cha boya kifuate karatasi ya seti. Ongeza chujio la petroli kabla ya kabureta, la sivyo mwezi ujao utafungua tena.

Skrubu mbili za kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa zikaze taratibu mpaka ziguse, bila nguvu, maana ncha zikipata mkunjo zimeharibika. Rudisha kila moja mzunguko mmoja na nusu. Injini ikipata moto, zirekebishe kwa zamu mpaka geji ya vakyumu (kipimo cha mvuto wa hewa kwenye manifoldi) ipande hadi juu kabisa.

Swali: Gari yangu ya V8 ikisimama juani bandarini Mkoani nusu saa, inakataa kuwaka. Ikipoa inawaka.
— Msomaji, Mkoani

Jibu: Petroli inachemka bakulini na kudondokea kooni, injini inafurika. Kuiwasha, kanyaga akseleta mpaka chini na uishikilie hapo bila kupampu. Hewa nyingi itakausha. Tiba yake ni kipande cha mbao ngumu ya kiwandani, nusu inchi, kati ya kabureta na manifoldi, na boliti ndefu zaidi. Pima kwanza kama boneti itafunga. Ford kadhaa za miaka ya sitini zina hapo kipande cha alumini kinachopitishiwa maji ya moto. Kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Marekani, huku kiondoe na mpira wa maji uuunganishe moja kwa moja. Bomba la petroli nalo lisogeze mbali na ekzosi.