Mtoto katoka kunyonya sasa hivi na analia tena? Usikimbilie maziwa ya kopo kwanza

Kuna siku unamnyonyesha mtoto, unamlaza, hujakaa hata vizuri ameshaanza tena kutafuta ziwa, na inakwenda hivyo hivyo mpaka usiku, na kila aliyepo nyumbani anakwambia maziwa yako hayatoshi. Mama mwenzangu, kabla hujayaamini hayo maneno nisikilize kidogo, wanangu wote wawili wamepita huko na najua saa nane ya usiku kichwa kinavyokuwa.

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Mwaka 1992 mtafiti Michelle Lampl na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science vipimo vya urefu wa watoto wachanga, wakaonyesha kwamba mtoto anakaa siku kadhaa harefuki kabisa halafu anarefuka kwa mkupuo. Wanaoshauri akina mama kuhusu kunyonyesha wanasema siku za mkupuo mtoto anataka ziwa kila saa, na huwa wanataja wiki ya 2 au 3, wiki ya 6, mwezi wa 3 na mwezi wa 6, ila usiishike kama ratiba, wangu wa pili alikuwa na kalenda yake mwenyewe. Mara nyingi hali inatulia ndani ya siku 2 au 3, wengine inafika wiki.

Sasa kwa nini ananyonya hivyo? Maziwa yanatengenezwa kadiri yanavyotoka. Ziwa likikaa limejaa mwili unapunguza kutengeneza, likinyonywa likalainika mwili unaongeza, kwa hiyo huyo anayeng'ang'ania ziwa jioni nzima ni kama anaagiza maziwa ya kesho. Ukimpa kopo hapo katikati atalala, ni kweli, lakini ziwa halijanyonywa na mwili haujajua kwamba mahitaji yamepanda, kesho unaongeza kopo lingine, na ndivyo maziwa yanavyopungua kweli.

Wiki ya 6 ndiyo inayowaangusha wengi, na inaniuma kila nikisikia mama kaacha kunyonyesha hapo. Ni kipindi ambacho watoto wengi wanalia sana hasa jioni, na wakati huo huo matiti yanaanza kuwa laini, hayajai tena kama zile wiki za mwanzo. Mama akijishika anaona yamekwisha, kumbe mwili umezoea tu kutengeneza kiasi kinachohitajika! Wala usijipime kwa kukamua, mtoto anayenyonya vizuri anatoa maziwa mengi kuliko pampu.

Angalia nepi. Kuanzia kama siku ya 5 ya kuzaliwa, nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa masaa 24, unamsikia anameza, na kliniki uzito unapanda, basi maziwa yapo. Maji usimpe kabla ya miezi 6, yanajaza tumbo tu. Kama anatumia maziwa ya kopo, muongezee akionyesha njaa, lakini vipimo vya unga na maji vibaki kama ilivyoandikwa kwenye kopo, usizidishe unga eti ashibe.

Kuna watoto ambao siku hizo za mkupuo wanalala zaidi badala ya kusumbua, wangu wa kwanza alikuwa hivyo, analala mno halafu baada ya siku chache nguo zinambana.

Ila si kila kulia ni kukua, hapa nakuomba usisubiri. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi, mtoto anayekataa kunyonya, aliyelegea huwezi kumwamsha ale, nepi zinakaa kavu, utosi umebonyea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Na kama wiki 2 zimepita hajarudia uzito aliozaliwa nao, apimwe na mnyonyesho uangaliwe.

Kwako wewe, kula, kunywa maji ukisikia kiu, kaa mahali penye mto wa kuegemea mgongo, umnyonyeshe kila akitaka, ziwa hili likilainika mhamishie la pili. Kama ni asubuhi mpaka jioni iwe hivyo. Na anayetaka kukusaidia asimchukue mtoto akampe chupa, achukue vyombo na nguo, amwogeshe mtoto mkubwa, halafu akuletee chakula hapo hapo ulipokaa.