Mradi ni wangu, bidhaa ni yake: nani aamue?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni meneja wa mradi kwenye kampuni ndogo ya programu hapa Dar es Salaam. Tunatengeneza programu ya simu ya kulipia ada za shule. Katikati ya mwaka kampuni iliajiri meneja wa bidhaa, na tangu hapo ni vurugu tupu. Mimi nilishawaahidi wakuu wa shule kwamba kabla shule hazijafunguliwa Januari programu itakuwa tayari. Mwenzangu ametoka kuongea na wazazi, sasa anataka tuongeze malipo ya awamu, tena anawapa madevelopa (waandika programu wetu) kazi moja kwa moja WhatsApp bila kunishirikisha. Tulipofikisha kwa bosi akasema, "Nyie ni watu wazima, kaeni muelewane." Kazi yangu inaishia wapi na yake inaanzia wapi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na bosi wako, maana mzigo huu ni wake. Ameajiri mtu wa pili bila kusema nani anaamua nini, kisha amewaachia mgombanie. Hata mngekuwa ndugu wa tumbo moja mngegombana.

Nimezifanya kazi zote mbili, na nazipenda zote mbili. Ukiwa meneja wa mradi unajibu lini kitu kitakamilika, kwa fedha gani, kwa watu gani, na nini kinaweza kukwamisha. Ukiwa meneja wa bidhaa unajibu tunamtengenezea nani, shida yake ni ipi, kipi kitangulie na kipi tusikiguse kabisa. Mradi wako utafungwa siku moja. Yeye Machi atakuwa bado anapigiwa simu na mhasibu wa shule.

Kazi hizi zilizaliwa mbali na kompyuta. Ya bidhaa wengi huitaja kuanzia 1931, Neil McElroy wa kampuni ya Procter & Gamble, Marekani, alipoandika waraka akiomba kila chapa iwe na mtu wake wa kuibeba. Ya mradi imekulia kwenye ujenzi na jeshini. PERT, kwa mfano, mbinu ya kupanga na kukadiria muda wa kazi za mradi, ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya makombora ya Polaris ya jeshi la wanamaji la Marekani. Kule kinachojengwa hujulikana mapema. Kwenye programu hakijulikani mpaka mtumiaji akishike, ndiyo maana nyinyi wawili mnakutana mlango mmoja.

Angalia M-Pesa ilivyoanza kwa jirani zetu Kenya. Majaribio ya 2005 yalilenga watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Watu walipoipata, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiyo ikawa kazi yake kubwa. Kwa ratiba ya mradi ule, jambo hilo lilikuwa nje ya mpango. Ilibidi awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema: watu wanataka hiki, tubadilishe.

Sasa turudi kwenye awamu zenu. Mfikirie mama lishe ambaye ada ya muhula ya mwanawe ni shilingi 300,000 na leo mkononi ana 50,000. Anaingiza 50,000, programu inamwambia kiasi hakitoshi. Atafanya nini? Ataituma kwenye simu ya mhasibu, na mhasibu ataiandika kwenye daftari kama zamani. Mtakuwa mmezindua kwa wakati kitu ambacho wazazi hawakitumii. Hapo mwenzako ana haki, na uamuzi wa awamu ni wake.

Ila Januari ni yako, na Januari haisogei. Ada nyingi zinalipwa wiki zile za kufungua shule. Mkizikosa, wazazi watakuwa wameshalipa kwingine. Kwa hiyo hawezi kuongeza tu. Akiingiza awamu, yeye mwenyewe aseme kinachotoka: matokeo ya mitihani? ujumbe wa kukumbusha madeni? Wewe na madevelopa mtamwambia kila kimoja kinakula siku ngapi. Asikupangie siku, nawe usimchagulie cha kutoa.

Na hizo kazi za WhatsApp zikome, zake na zako. Madevelopa wawe na orodha moja ya kazi, yeye apange lipi litangulie. Nimewahi kuona kijana anaandika kitu asubuhi, mchana anakifuta kwa agizo la mwingine, jioni anaulizwa kwa nini amechelewa. Mtu mzuri haondoki kwa sababu ya mshahara pekee; huondoka kwa hayo. Ken Schwaber na Jeff Sutherland, walioandika mwongozo wa Scrum, utaratibu wa timu kutengeneza programu kwa vipindi vifupi, wanasema mwenye bidhaa, yaani anayepanga kipi kitangulie, awe mtu mmoja, wala si kamati. Mwongozo huo haumtaji meneja wa mradi, lakini usiogope. Makubaliano na benki, kuunganishwa na kampuni za simu, majaribio ya malipo, mafunzo ya wahasibu: hayo yakikosa mtu wa kuyafuatilia kila siku, hata programu nzuri haizinduliwi.

Kaa na mwenzako mwandike ukurasa mmoja. Yeye anaamua kilichomo na mpangilio wake. Wewe unashika tarehe, bajeti na vikwazo, na ndiye unayewapa wakuu wa shule taarifa za ratiba. Mkikwama, bosi anaamua ndani ya siku mbili, kwa maandishi. Mpelekeeni wote wawili, siku moja, mkimwomba asaini. Fanyeni hivyo wiki hii, kabla developa yeyote hajagusa malipo ya awamu.