Maswali na majibu: grafu inapogoma kutokea kwenye terminali

Safari hii nimeweka pamoja maswali ya vijana wa Arusha na Moshi wanaohudumia meinfremu (kompyuta kubwa) za IBM kwa mbali, hasa programu za GDDM, chombo cha IBM cha kuchora, zinazochora grafu ndani ya CICS (inayoendesha kazi za watumiaji mtandaoni) na IMS (inayotunza kanzidata na kuendesha kazi zake).

Shikamoo mwalimu. Najifunza kwa kuchora grafu ya bei za mnada wa kahawa. Menyu inatoka kwa rangi nne tu: kijani, nyekundu, bluu na nyeupe. Grafu yenyewe haitoki kabisa. Nimepitia kodi mpaka macho yanauma. (Njiro, Arusha)

Marahaba. Iache kodi yako, haina kosa. Rangi hizo nne ni za msingi za 3270, aina ya terminali za IBM: sehemu ya kujaza huwa kijani, ikikolezwa nyekundu, sehemu iliyofungwa huwa bluu, ikikolezwa nyeupe. Ukiziona hizo tu, ujue CICS inaamini terminali yako haiwezi zaidi ya hapo, na kwa imani hiyo GDDM haina pa kuchorea.

Anzia VTAM, programu ya mtandao ya meinfremu. Tafuta logimodi (masharti ya kikao) unayoingilia, usome PSERVIC yake, sehemu inayoeleza skrini:

PSERVIC=X'028000000000185020507F00'

02 ya mwanzo ni LU aina ya 2, yaani terminali ya skrini. 80 inayofuata ndiyo roho ya jambo: inasema terminali inakubali kuulizwa ina uwezo gani. Ukikuta 00 mahali hapo, umempata mchawi. Kwa namba za heksadesimali (msingi wa 16), 1850 ni mistari 24 kwa safu 80, 2050 ni 32 kwa 80, na 7F inaruhusu vipimo vyote viwili.

Kisha nenda CICS, fungua TYPETERM (maelezo ya aina ya terminali) kwa CEDA, amri ya kuhariri maelezo hayo. EXTENDEDDS (data iliyopanuliwa), COLOR (rangi) na PROGSYMBOLS (alama za kuchorea) ziwe YES, au weka QUERY(ALL) ili CICS iiulize terminali yenyewe kila inapounganishwa. Mimi nashikilia QUERY(ALL). Maelezo yaliyoandikwa kwa mkono hubaki vilevile hata kifaa kikibadilishwa. Ukishahifadhi, fanya INSTALL terminali ikiwa nje ya huduma, la sivyo mabadiliko yatakaa kwenye CSD, faili ya maelezo ya CICS, bila kumfikia mtu.

Mwisho ni emuleta, programu inayoigiza terminali kwenye kompyuta yako. Chagua aina inayoishia na -E, mfano 3278-2-E. Hata hivyo, emuleta nyingi hutoa rangi saba vizuri kabisa na bado haziwezi kuchora grafu, kwa hiyo soma maelezo yake uhakikishe inachora kabla hujapoteza siku nyingine.

Emuleta yangu ina mistari 43, lakini programu inatumia 24 ya juu tu. (Tengeru)

TYPETERM iwe na ALTSCREEN(43,80), yaani skrini mbadala, halafu angalia PROFILE (profaili, masharti ya kuendesha) ya transaksheni. Profaili ya kawaida, DFHCICST, ina SCRNSIZE(DEFAULT), yaani 24 kwa 80. Tengeneza ya kwako yenye SCRNSIZE(ALTERNATE). Ile ya IBM usiiguse.

Ofisini kwetu Moshi tuna zamu mbili, jina la terminali ni moja. Mchana grafu inatoka, usiku haitoki. (Moshi mjini)

Nadhani mna QUERY(COLD). Hapo CICS huuliza mara moja tu, terminali inapounganishwa mara ya kwanza baada ya CICS kuwashwa upya kabisa, kisha inashika jibu hilo. Mwenzenu wa usiku akiingia na emuleta tofauti, anahudumiwa kwa majibu ya wa mchana. Wekeni ALL, na kila mtu awe na jina lake.

Kaka, tumeongeza kanzidata ya michoro kwenye IMS. PSBGEN imepita safi, lakini programu mtandaoni haiioni. (Sakina, Arusha)

PSBGEN hutengeneza PSB, orodha ya kanzidata ambazo programu inaruhusiwa kutumia, na huiandika kwenye PSBLIB, na IMS iliyo hewani haisomi huko. Kama hamjahamia kwenye katalogi ya IMS, inasoma ACBLIB, maktaba ya maelezo yaliyokwisha kuunganishwa. Fanyeni DBDGEN (muundo wa kanzidata) kama muundo umebadilika, PSBGEN, kisha ACBGEN (kuunganisha hayo mawili), mnakili kwenye ACBLIB isiyotumika, halafu /MODIFY PREPARE ACBLIB na /MODIFY COMMIT.

Hapa naomba uangalifu mkubwa: programu hupokea PCB (njia ya kuifikia kila kanzidata) kwa mpangilio ule ule ulioandikwa kwenye PSB. Mkiichomeka mpya katikati, zinazofuata zote husogea, na programu ambayo haikuguswa huanza kusoma kanzidata isiyo yake. Wekeni PCB mpya mwisho wa zile za kanzidata. Kama kazi ni kusoma tu, PROCOPT=G (ruhusa ya kusoma) inatosha. Nimeona watu wakiweka A, ruhusa ya kila kitu, kila mahali kwa uvivu, na siku data ya mteja ikifutwa hakuna wa kuirudisha haraka.

Kuchapa je? Skrini ni sawa, printa haitoi kitu. (Moshi)

Kwa GDDM, terminali ni familia ya 1. Printa inayopokea kazi kwa foleni ni ya 2, printa ya mfumo ni ya 3, na printa ya kurasa ni ya 4. Kagua ADMMNICK, maelezo ya majina ya vifaa vya GDDM: mara nyingi jina la printa limeandikwa chini ya FAM=1, yaani familia ya terminali.