Jibu: 9-9 au A-8 kwenye K-8-3, ipi ya kulipia dau?

Swali lilikuwa hili: poka ya Texas Hold'em (kila mtu ana karata mbili mkononi, na za mezani ni za wote), mmebaki wawili, karata tatu za mezani ni K ya kopa, 8 ya pau na 3 ya uru. Mezani kuna 600, mpinzani anaweka 300. Kati ya 9-9 na A-8, upi mkono wenye nguvu? Wengi wamejibu 9-9 kwa kuwa jozi ya tisa inaipiga jozi ya nane (nane ya mkononi na ile ya mezani). Ni kweli inaipiga, ila karata mbili bado hazijafunguliwa, na hizo ndizo zinazoamua.

Jiulize kwanza mpinzani anaweka dau akiwa na nini. Ana K, au ana tatu za namba moja (8-8 au 3-3 mkononi), au anazuga, yaani anaweka dau bila jozi ili ukimbie, na kitu kama Q-J. Mwenye nane tupu mara nyingi hupita tu bila dau, kwa hiyo ule ubora wa 9-9 juu ya nane hauna mtu wa kumpiga. Mbele ya K mikono yote miwili imeshindwa; mbele ya zuga yote miwili inaongoza.

Sasa hesabu karata za kukuokoa. Chukulia mpinzani ana K-Q. Mwenye 9-9 anasubiri tisa mbili tu: karata 2 kati ya 45 zilizobaki, mara mbili, ni kama asilimia 9. Mwenye A-8 anasubiri nane mbili na A tatu, jumla 5, ambayo ni kama asilimia 20. Kulipia 300 ili ugombee 1,200 (600 za mezani, 300 zake na 300 zako) kunahitaji asilimia 25. Kama hakuna dau jingine litakalofuata, 9-9 inahitaji mpinzani awe anazuga takriban mara 1 kati ya 4. A-8 inatosheka na mara 1 kati ya 10 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiacha kwa sababu ya tisa na nane.

Kuna mtego hapa. Mpinzani akiwa na A-K, zile A zako zimekufa: ikifunguka A, wewe unapata jozi mbili na yeye anapata jozi mbili kubwa zaidi. Unabaki na nane mbili, sawasawa na mwenye 9-9. Kinachokusaidia ni kwamba A uliyoishika inapunguza namna za yeye kuwa na A-K kutoka 12 hadi 9, na nane yako inashusha 8-8 kutoka namna 3 hadi 1. Lakini A hiyo hiyo inapunguza pia zuga za A-5 na A-4, kwa hiyo usiihesabu upande mmoja tu.

Jozi ndogo za mkononi, mfano 4-4, msiziweke fungu moja na 9-9. Akizuga na A-5, mbele ya 9-9 ana A tatu tu za kumwokoa. Mbele ya 4-4 ana A tatu na tano tatu. Halafu kuna hili ambalo wengi hulisahau: ikifunguka 8 kisha K, mezani panakuwa K-8-3-8-K, na jozi yako ya nne haihesabiki tena kwa sababu jozi mbili za mezani ni kubwa kuliko yako. Mtu mwenye A tupu anakupiga. Mimi 4-4 naitupa hapo bila kusita, hasa mkiwa watatu au zaidi.

Karata ya tano ikishafunguka bila kusaidia yeyote, hesabu ya kuokolewa imekwisha. Mkipita wote, 9-9 inarudi juu, maana sasa inazipiga nane zote zilizokuwa zinapita kimyakimya. Likija dau kubwa, mikono hiyo miwili ina kazi moja tu, kumkamata anayezuga, na hapo A-8 inatangulia kidogo kwa sababu ya zile A-K na 8-8 ilizozipunguza. Isipokuwa mpinzani wako huzuga zaidi akiwa na A tupu. Kwa mtu wa namna hiyo lipia na 9-9.