Game za mausi ukiwa kwenye kochi, padi gani itafaa?

Swali: Asalaam aleikum fundi. Niko Mji wa Kale, kompyuta nimeichomeka kwa TV ya sebuleni na HDMI nacheza nimejilaza kwenye kochi. FIFA haina neno na padi yangu ya Xbox 360, lakini Civilization VI, ile ya kujenga himaya, na zile za kupiga risasi ni balaa, mshale wateleza tu. Kuna padi inayoweza kazi ya mausi ama nihamishie kibodi hapo kwa kochi?

Jibu: Waaleikum salaam kaka. Kibodi achana nayo, mausi haina pa kukaa na mgongo utakudai.

Shida si mkono wako, ni stiki, kale kampini ka padi unakosukuma na dole gumba. Mausi ukiisogeza kidogo mshale nao wasogea kidogo ukasimama papo hapo, lakini stiki kazi yake ni mwendo, ukiisukuma mshale waanza kukimbia na hausimami mpaka uiachilie, sasa ile batani ndogo ya pembeni ya skrini utaipita, urudi, uipite tena. Hapo hata ununue padi ya bei gani, kama ni stiki tupu utalia vile vile.

Valve, hawa wenye Steam, lile duka la game za kompyuta, walijaribu dawa yake 2015 na padi yao, Steam Controller. Stiki ya kulia walitoa, zile batani za msalaba wakatoa, wakaweka sahani mbili za kugusa kama ya laptop, na kila ukiburuta dole gumba wasikia mtikiso mdogo mdogo chini yake, mpaka kidole chenyewe chajua kimeenda umbali gani. Mimi naona ni ubunifu mkubwa kweli, ila watu wengi hawakuizoea, na 2019 wakaacha kuitengeneza, za mwisho zikauzwa dola 5. Usihangaike kuitafuta.

Ile akili yake iko bado kwenye Steam yenyewe, yaitwa Steam Input, na yafanya kazi na padi ya PS4, ambayo ina sehemu ya kugusa hapo katikati na jairo ndani ya kujua umeiinamisha vipi. Hiyo yako ya 360 haina vyote viwili. Civilization weka sehemu ya kugusa iwe mausi, R2, batani ya nyuma kulia, iwe kubonyeza, basi, na maandishi uyakuze kwenye mipangilio ya game maana kwa kochi hutayasoma. Za risasi stiki ibaki ya kugeuka kwa haraka, halafu jairo iwe mausi lakini iwake ukishika L2, ya nyuma kushoto, peke yake, yaani ukilenga tu. Ukiiacha wazi muda wote, ukikohoa tu, bunduki yaangalia dari. Mikono ikipinda vibaya achilia L2, irudishe padi sawa, shika tena. Siku za kwanza utaichukia, usiirudishe dukani.

Dukani pia angalia, kopi ni nyingi na baadhi hiyo sehemu ya kugusa ni batani tu, jairo hakuna. Nenda na laptop, fungua Steam, iinamishe uone kama yasoma.

Na kama kompyuta iko chumba kingine, hizo kuta nene za mawe za Mji wa Kale Bluetooth itakuwa yakatika katika. Nunua adapta ya Bluetooth ya USB na waya wa kuongezea, uitoe mpaka upande wa TV.